Majani ya Mgomba juu ya Mashine

Kila alfajiri, akitoka kuswali, Khamisi Yunusu alizunguka nyuma ya bucha lake akiwa amekumbatia majani mabichi ya mgomba. Aliyaondoa ya jana, yaliyokwisha kunyauka na kujikunja kwa joto, akayatupa mtaroni. Kisha aliitandika mashine ya baridi majani mapya, moja juu ya jingine, akichomeka kingo zake taratibu, mfano wa mzazi anayemfunika mtoto mwenye homa. Akimaliza aliweka kiganja juu ya majani, akatulia kidogo, akasema, "Haya, bibi. Tufanye kazi." Ndipo alipokwenda kunoa visu.

Amne, mdogo wake wa kike, aliyaona hayo kila siku kupitia mlango wa uani, na kila siku alihisi aibu ile ile: aibu ya kuwa damu moja na mtu mzima anayezungumza na chuma.

Bucha lilikuwa Moshi mjini, karibu na soko. Lilijengwa na baba yao, mzee Yunusu, aliyeanza kwa kuuza nyama juu ya meza ya mbao chini ya turubai, akamaliza na duka la saruji lenye chumba cha baridi, kwenye kiwanja cha serikali kilichokwenda pamoja na leseni. Katika miaka ile ya Mwingereza, chumba cha baridi kwenye bucha la Mwafrika kilikuwa kitu cha kutembelewa. Watu walioteremka kutoka Masama kwa shughuli zao za kahawa walipita kwa mzee Yunusu kuomba waingize mkono tu mlangoni, wausikie ubaridi, wacheke, waende zao. Walikuwa na mlima mzima wenye theluji juu ya vichwa vyao, lakini baridi iliyofungiwa ndani kwa komeo iliwafanya watoe macho. Amne aliwatazama akajisemea kwamba wakiambiwa kuna mahali maji ya mvua yanauzwa kwa chupa, watapanga foleni.

Mzee alipofariki, aliwaachia watoto wake wawili bucha hilo kwa pamoja. Khamisi ashike kisu, Amne ashike funguo. Mgawanyo huo ulitosha kumweleza yeyote jinsi mzee alivyomwona kila mmoja wao.

Khamisi alikuwa mtu wa makamo, mwenye kitambi, mpole wa kuudhi. Ujanani alijaribu ushonaji, mstari ulionyooka ukamshinda. Akajaribu ufundi baiskeli, akawa anafungua asichoweza kufunga, hata mzee Yunusu akamrudisha dukani kabla watu wa mtaa wao wa Majengo hawajabaki wote wakitembea kwa miguu. Kitu kimoja tu alikiweza, nacho ni kuchinja. Ng'ombe aliyeshikwa na Khamisi hakuhangaika. Walutheri wa mlimani wenye harusi, wakiwa na wageni Waislamu wa kuwalisha, walimfuata akawachinjie, naye alipanda akashuka na mnofu wake na mkungu wa ndizi, amefurahi kama aliyepewa uliwali. Amne hakuona ajabu yoyote. Kwake hiyo ilikuwa kazi ya mkono, na mkono hata nyani anao.

Yeye Amne aliolewa Arusha, akaachwa, akarudi na sanduku lake. Aliishi nyumbani kwa Khamisi, Majengo, chini ya wifi yake Shani, mwanamke aliyemhesabia hata chumvi. Usiku alilala kwenye chumba ambacho Shani alikiita "stoo" mbele ya wageni. Lakini asubuhi alipofika bucha, akakaa nyuma ya kaunta, akajifunga kanga yake vizuri na kuweka funguo mbele yake, alikuwa mtu. Wateja walimwita Bi Amne. Wapishi wa Wazungu walimngoja amalize alichokuwa akisema. Bucha likifungwa, hakuna kingine duniani ambacho kingekuwa chake. Angebaki kwa Shani, achambue mchele.

Mashine yenyewe ilikaa uani, chini ya kibanda cha bati. Ilikuwa na mota ya umeme, mkanda, feni, na rejeta pana kama ya lori. Na katikati yake kulikuwa na pampu nzito ya chuma cheusi ambayo mafundi waliiita kompresa. Hiyo kompresa ndiyo iliyoisukuma gesi ndani ya mabomba hadi ukutani, na chumba kikapata ubaridi. Joto lililotolewa chumbani lilitokea huku nje, kwenye rejeta, na hapo ndipo Khamisi alipoingia na majani yake.

Mama yao alikuwa binti wa Masama aliyesilimu alipoolewa mjini. Alikuwa akikifunika kibuyu cha maziwa kwa majani mabichi ya mgomba na kukiweka kivulini, na maziwa yalikaa baridi kutwa. Kwa Khamisi hiyo ilikuwa elimu kamili. Siku alipogusa mashine ikamwunguza, alikumbuka kibuyu cha mama yake. Kitu kinachochemka hufunikwa majani. Alifunika. Na kwa kuwa kila siku mashine ilizidi kuchemka, kila siku alizidisha majani.

"Khamisi!" alimpigia kelele mteja mmoja kutoka Masama, akichungulia uani. "Unapika mbege huko nyuma? Tutamwambia shehe!"

"Siyo mbege, baba," alijibu Amne kutoka kwenye kaunta, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Kaka yangu ameivika mashine doti ya kanga. Idd ikifika ataitafutia na mume."

Bucha zima lilicheka. Khamisi naye alicheka, akifuta kisu kwenye aproni, na kucheka kwake huko ndiko kulikomkera Amne kuliko yote. Mtu mwenye haya angenyamaza.

Januari hiyo jua lilichoma kama pasi. Bwana afya, Mzungu kijana mwenye soksi ndefu nyeupe, alikuja na kipimajoto chake, akakitundika katikati ya nyama, akasubiri nje akiwa ameziba pua ingawa hapakuwa na harufu yoyote. Alipokisoma alitikisa kichwa. Alikwisha kuwaonya mara mbili kabla ya hapo. Safari hii hakuonya.

"Jumamosi asubuhi narudi," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Chumba baridi, mzuri. Chumba hapana baridi, leseni nachukua. Iko watu wengi nataka hii nafasi."

Alipoondoka, Amne alimgeukia kaka yake.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na sasa? Utamwongezea bibi yako majani?"

Khamisi alitazama vidole vya miguu yake. "Labda tumwite fundi," alisema mwishowe.

Kesho yake, Jumanne, fundi alitokea mwenyewe, au ndivyo Amne alivyodhani. Aliitwa Sirili, mtu wa Kibosho, mwembamba, kofia imemkaa upande na pumzi imejaa mbege ya jana. Zamani alitunza mashine za baridi za maziwa kwenye shamba la mlowezi mmoja; mlowezi alipouza shamba akarudi kwao Ulaya, Sirili alibaki na spana zake, na, kama ilivyokuja kujulikana, na vitu vingine pia.

"Shikamoo, Bi Amne," alisema, ingawa walilingana umri.

"Marahaba. Uliitwa?"

"Nilikuwa napita."

"Basi pita."

Lakini Khamisi alikwisha kumfungulia mlango wa uani. Sirili aliyatoa majani upande mmoja, akachuchumaa mbele ya mashine, akaanza kuigusagusa, akisema kwa sauti kana kwamba anafundisha darasa.

"Njoo uone, Bi Amne. Shika bomba hili linalorudi kutoka chumbani. Ikiwa nzima, bomba hili hutoa jasho, likaota na barafu. Hili kavu, vuguvugu. Halafu hii mashine hailali. Zamani ilikuwa inafanya kazi, chumba kikipoa inajizima, inapumzika. Sasa inakimbia kutwa kucha. Si ndiyo?"

"Ndiyo," alisema Khamisi.

"Sikuulizi wewe, namwuliza mwenye funguo. Haya, tazama hapa, shingoni, chuma kinapotokea kwenda kwenye pulei, hili gurudumu la mkanda. Oili inavuja. Na sasa sikiliza."

Wakasikiliza. Kulikuwa na ngurumo ya mota na mvumo wa feni, na chini yake kitu kingine: ko, ko, ko, kama mtu anayegonga mlango akiwa hana nguvu.

"Chuma juu ya chuma," alisema Sirili. "Mota nzima. Rejeta nzima, ingawa mmeifunga pumzi. Mabomba mazima. Kompresa ndiyo imekwisha."

"Itengeneze," alisema Amne.

"Naweza. Nitasaga vali, nitaweka pete mpya, nitabadili oili, na itakwenda. Itakwenda mpaka Pasaka, labda. Silinda ikishakwanguka ndani, unailisha pete mpya tu. Mtu hubadili vali kama ubovu uko kwenye vali. Ubovu ukifika kwenye silinda unaweka kompresa nyingine, unaacha vingine vyote vilivyo vizima mahali pake."

"Na kompresa nyingine inapatikana wapi?"

Sirili alikohoa. "Ninayo moja nyumbani. Ya mlowezi. Haijafanya kazi sana."

"Ajabu!" Amne alipiga makofi. "Daktari anayekuja na jeneza mgongoni! Anamshika mgonjwa mkono, anamwambia umekufa, na bahati nzuri sanduku ninalo, la kipimo chako. Kaka Khamisi, mtoe mtu huyu uani kwangu kabla hajatuuzia na sanda."

"Amne," alisema Khamisi, "tungeisikiliza tena kidogo..."

"Isikilize wewe. Nyinyi ndio mnaozungumza."

Sirili alivaa kofia yake vizuri, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Kuna hoteli Arusha inaitaka," alisema. "Mimi nilitaka iende kwa mtu ninayemjua. Kwaheri, Bi Amne."

Amne hakuitikia. Alikuwa ameshaamua. Alikuwa na akili yake, na akili yake ilimwambia jambo rahisi: kila dereva wa lori anajua rejeta inataka upepo. Ziba rejeta kwa gunia, lori litachemka kabla halijafika Bomang'ombe. Basi ubovu ulikuwa majani, na majani yalikuwa Khamisi. Ondoa ujinga wa Khamisi na mashine itapona. Aliupenda sana uamuzi huo. Ulikuwa safi na hauna gharama, na ulimweka kila mtu mahali pake.

Jumatano alimwita Ebenezeri, fundi mkuu wa karakana ya shamba moja la mkonge kusini ya mji. Ebenezeri alikuja na kaptura ya kaki iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Alijifunza ufundi jeshini, wakati wa vita, na hakuwaruhusu watu wasahau. Kwa sababu ya ule mkunjo wa pasi hakuchuchumaa. Alisimama, akalishika jani moja la mgomba kwa vidole viwili, akaliinua kama panya aliyekufa.

"Hii nini?"

"Mwulize yeye," alisema Amne.

Ebenezeri alimtazama Khamisi tangu kandambili hadi kofia. "Wewe ndiye uliyeinyonga mashine hii? Mashine inatupa joto nje, wewe unalirudisha ndani! Ungekuwa jeshini ungelala lokapu."

"Kelele hii lakini, bwana fundi," alisema Khamisi kwa sauti ya chini. "Huku kugonga..."

"Nati hiyo. Kila mashine ina nati inayolegea." Ebenezeri aliigusa kompresa kwa leso, haraka, akaikunja leso. Hakuifungua. Hakutazama oili yake. "Kompresa haina kitu. Ondoeni takataka hizi, sugueni rejeta kwa brashi na maji ya sabuni, basi. Nisiitwe tena kwa mambo ya majani."

Amne alimdharau hata Ebenezeri, kwa pasi yake na leso yake na vita yake. Lakini mtu huyo alikuwa amesema kile hasa alichotaka kukisikia, kwa hiyo alimfungia mnofu mzuri na kumsindikiza hadi mlangoni.

Majani yote yalikwenda kwa mbuzi wa jirani. Amne mwenyewe alisimama juu ya Khamisi akimwangalia anavyosugua rejeta, akimwonyesha kila tundu aliloliruka. Na kweli, alasiri ile bomba lilianza kutoa jasho. Magharibi lilikuwa limefunikwa na utando mweupe wa barafu. Amne aliuchota kwa ukucha, akautia mdomoni, akacheka peke yake.

Alhamisi yote alikuwa mtamu kama sumu. Kila mteja aliyeingia alipewa hadithi. Wengine waliipata mara mbili.

"Kaka yangu aliifanya mashine kibuyu cha maziwa. Ningechelewa kidogo angeitia na maziwa yakaganda mtindi."

"Amne, bado inagonga," alisema Khamisi walipobaki wawili.

"Inagonga kwa sababu inafanya kazi. Ungekuwa unafanya kazi nawe ungegonga."

"Nasema tu, kesho tuchinje ng'ombe mmoja. Tusijaze chumba kabla ya Jumamosi."

"Wawili. Bwana afya akifungua mlango nataka akione chumba kimejaa na kina baridi. Chumba kitupu kila mtu anaweza kukipoza. Na kuna nyama ya harusi ya Masama, umeisahau? Wageni Waislamu watakula nini, ndizi tupu?"

Khamisi alisimama mlangoni, kisu mkononi, akionekana kama mtu anayetaka kupita mahali penye watu wengi. Kisha alisema, "Haya," akaenda kuchagua ng'ombe.

Ijumaa asubuhi aliwachinja wawili. Kabla ya adhuhuri nyama yote ilikuwa imening'inizwa chumbani, pande nne nzito zikigusana. Khamisi alioga, akavaa kanzu, akaenda msikitini na wanaume wengine wa mtaa. Bucha lilifungwa kwa ajili ya swala. Amne alibaki peke yake uani, akila mkate na chai chini ya bati.

Aliisikia ikibadilika. Kwanza kule kugonga dhaifu, ko, ko, kuliongezeka nguvu. Halafu mkanda ulianza kulia, mlio mwembamba wa kukata masikio, ukaacha, ukalia tena. Amne aliweka kikombe chini. Alijua dawa yake. Alikwisha kuona mafundi wakivuta mota nyuma ili mkanda ukaze. Mkanda unaolia umelegea, hilo nalo kila dereva analijua. Alizima mashine, akachukua spana ya Khamisi, akalegeza boliti, akaisukuma mota kwa mguu, akakaza. Jasho lilimtoka usoni. Alijisikia vizuri. Alifikiri jinsi atakavyolisimulia.

Aliiwasha. Taa ya dukani ilififia, kama ilivyokuwa ikififia siku zote mashine inapoanza, lakini safari hii haikurudi kung'aa. Mota ilinguruma, ikagoma kuzunguka, kisha ikavuta kwa nguvu, na ndani ya kompresa kitu kilivunjika kwa sauti kavu. Pulei ilisimama palepale. Mota iliendelea kuuvuta mkanda juu ya pulei iliyosimama, na moshi ukatoka, mweusi, wenye harufu ya mpira. Amne alirukia swichi.

Baada ya hapo palikuwa kimya. Alisikia hata mbuzi wa jirani wakitafuna.

Khamisi alirudi kutoka msikitini akiwa bado na kanzu. Aliinama, akaishika pulei kwa mikono yote miwili, akajaribu kuizungusha huku, akajaribu kule. Haikutikisika. Alijifuta mikono, na Amne akangoja asikie atakachosema, akiwa tayari na jibu kwa kila neno.

"Fungua duka," alisema Khamisi. "Tuuze kabla jua halijaiharibu."

Mchana ule aliuza nyama kama aliyerukwa na akili. Alisimama barabarani akiita watu kwa majina, akakata, akapima kwa jicho, akawapa kwa bei ya kutupa. Nyama ya harusi aliifunga, akaipakia kwenye lori lililokuwa likielekea Bomang'ombe, na kumwagiza dereva aifikishe Masama siku ile ile ipikwe mara moja. Alimtuma mtu mbio kwa Sirili, Kibosho. Mtu alirudi na jibu la mkewe: Sirili alikwenda Arusha Alhamisi na kile chuma kwenye gunia, akarudi bila chuma. Kwa kompresa mpya kutoka Nairobi, wenye maduka ya vipuri walisema, mtu angengoja hadi masika.

Jumamosi bwana afya alifungua mlango wa chumba cha baridi. Kilikuwa kitupu, kimesafishwa hadi sakafu inang'aa, na kilikuwa na joto la mkate uliotoka jikoni. Hata kipimajoto hakukitundika. Wiki iliyofuata nafasi ile alipewa mchinjaji mwingine, mwenye mashine mpya, na wateja waliokuwa wakimwita Bi Amne walihamia kwake bila kuvuka hata barabara, kwa kuwa bucha lilikuwa lile lile na kaunta ilikuwa ile ile.

Mashine ilihamishiwa Majengo, ikawekwa uani kwa Khamisi karibu na jiko. Shani aliizunguka akasema imekaa pazuri pa kuanikia matambara ya kuoshea vyombo, akamwonyesha Amne yalipo matambara hayo. Amne aliyaosha. Akaanika.

Sirili alikuja siku chache baadaye kununua mota na rejeta, vilivyokuwa vizima, kama alivyosema. Khamisi hakuwapo, alikuwa amepanda mlimani kuchinja. Kwa kuwa hakuna aliyemkataza, Sirili aliifungua na kompresa, kujiridhisha tu. Oili iliyomwagika chini ilikuwa nyeusi tititi, inanuka kama sufuria iliyoungua. Alimwita Amne aone. Ukuta wa silinda ulikuwa na mikwaruzo mirefu, kana kwamba paka alifungiwa humo. Kipande cha vali kilichovunjika kilikuwa kimejikita kati ya pistoni na kichwa cha silinda.

"Hii hukuiua wewe na mkanda wako, Bi Amne," alisema. "Wewe uliizika tu. Iliungua zamani, kwa yale majani. Ungeivua majani mwaka juzi, ingekuwa inafanya kazi hadi leo. Kufika Jumatano, kuyavua kulikuwa kama kumwogesha maiti."

"Naona umefurahi."

"Sijafurahi. Niliuza kwa bei nzuri Arusha, lakini sijafurahi." Aliifunga mota kwenye gunia. "Tangu vuli nilimwambia kaka yako kuwa kompresa imekwisha. Alikuja hadi Kibosho kunichukua, Ijumaa moja, nyinyi mmefunga bucha. Tukaisikiliza wote wawili. Alikuwa ameshakusikia huko kugonga kabla yangu, mwenye sikio huyo. Nikamwambia usinunue sasa, zungumza kwanza na dada, maana funguo ni zake. Akasema nitazungumza naye. Nikangoja. Januari akanifuata tena, akaniomba nije kama mtu anayepita njia, nikuambie mimi."

Sirili aliinua gunia, akalifunga kwenye baiskeli, akaaga. Safari hii Amne aliitikia.

Khamisi alirudi kabla ya magharibi akiwa na vumbi hadi magotini, mkungu wa ndizi begani na mnofu umefungwa kwenye jani. Walimpenda huko Masama. Sasa kila Jumamosi alikuwa na harusi. Alimpa Shani mnofu, akaketi kwenye kigoda nje ya jiko, akatoa kisu chake na jiwe, akaanza kunoa taratibu. Shani alikuwa ndani akigombana na kuni.

Amne alikuja akasimama mbele yake, mikono imelowa maji ya vyombo.

"Kaka Khamisi," alisema. "Kama uliisikia tangu vuli, kwa nini hukuniambia?"

Khamisi alikiinua kisu, akayatazama makali yake kwenye mwanga uliobaki.

"Ungenicheka," alisema.